"Nyumba ya udongo" ni nyumba gani hasa?

Ardhi ikitikisika, kauli inayofuata tunaijua: nyumba za udongo zinaua, watu wajenge kwa bloku. Tulikuwa nayo baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9. Na Dar es Salaam yenyewe ilikumbushwa usiku wa Agosti 12, 2020, lilipopita tetemeko la ukubwa wa 6 hivi lenye kitovu baharini, kusini-mashariki mwa jiji.

Kauli hiyo haikuzuka hewani. Ukuta wa tofali mbichi ni mzito na unastahimili kubanwa, si kuvutwa. Tetemeko huuvuta na kuusukuma kwa ubavu. Kona huachana kwanza, kisha ukuta uliobaki peke yake unaanguka nje na paa linafuata. Wanaotaka tuachane na udongo wana hoja nyingine ya kila siku: mchwa, mvua ya masika, kukandika upya kila mwaka. Na hakuna mwananchi wa kulazimishwa kubaki kwenye udongo ili mtafiti apate cha kuandika.

Kasoro iko kwenye neno lenyewe. "Nyumba ya udongo" hubeba nyumba tatu tofauti: ya tofali mbichi, ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope, na ya miti na udongo. Bukoba, katika tetemeko lile la Kagera, tofali za kuchoma zilianguka kwa wingi, na hata shule ya Ihungo, yenye kuta nene za zamani, ilibomoka vibaya. Tofali imara juu ya tope dhaifu ni rundo la tofali tu. Ile ya tatu, ya nguzo, fito na udongo, ndiyo Waswahili wa pwani waliyoijenga vizazi na vizazi, vyumba sita na ukumbi katikati. Hiyo ndiyo inayohukumiwa kwa makosa ya wenzake.

Tusiitetee kwa sababu isiyo yake. Si nyepesi kama watu wanavyodhani: ukuta wake wa sentimita 15 unakaribia uzito wa ukuta wa bloku za inchi tano. Faida yake ni kwamba udongo ukipasuka, fito bado zimeushika. Unabanduka vipande vipande, lakini ukuta hauanguki wote kwa mkupuo.

Inaangukia wapi, basi? Chini. Nguzo imechimbiwa moja kwa moja ardhini, mchwa wameila usawa wa udongo, na kwa nje inaonekana nzima kwa sababu imekandikwa. Kasoro ya pili ni kukosa miti ya mshazari: nguzo zimesimama, fito zimelala, na mraba bila mshazari hulala upande kama kitanda cha kamba kilicholegea. Ya tatu ni mwamba, yaani boriti inayobeba paa juu ya ukuta, uliokalia nguzo bila kufungwa. Tiba inajulikana: msingi wa mawe unaoinuka sentimita 30 juu ya ardhi, miguu ya nguzo iliyopakwa oili chafu, mshazari kwenye kila kona, na waya wa kufunga nguzo na mwamba.

Mshazari huo ndio uti wa nyumba za dhajji za Kashmir, za fremu ya mbao iliyojazwa mawe na udongo, zilizojengwa kwa wingi upande wa Pakistani baada ya tetemeko la 2005. Haiti nako, baada ya 2010, nyumba za miti na udongo ziliboreshwa kwa njia hiyohiyo. Kwa tofali mbichi, watafiti wa Tokyo walijaribu kitu ambacho Kariakoo kinakanyagwa barabarani: mikanda ya plastiki ya kufungia katoni. Inasukwa wavu wenye matundu ya sentimita 5 hivi, inaunganishwa kwa joto, inavishwa ukuta ndani na nje, kisha nyavu mbili zinafungwa kwa waya unaopenya ukuta kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Juu yake plasta, maana jua huikausha plastiki mpaka ikatike. Ukuta bado utapasuka. Lakini si rahisi umwangukie aliyelala.

Wanaopinga kuazima utafiti wanasema udongo wa Peru si wa Mkuranga, na mbao za pine zilizopasuliwa si boriti za mviringo, ambazo misumari huzipasua. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kupima hapa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru, kule Lima, kilianza miaka ya 1970 kwa jukwaa la kuinamisha: unajenga nyumba juu yake, unainua upande mmoja polepole. Mwinamo wa nyuzi 20 unaipa nyumba msukumo wa ubavu wa theluthi moja ya uzito wake; nyuzi 30, nusu. Jukwaa halioneshi jinsi viungo vinavyolegea kwa kutikiswa huku na huku, ila linaonesha ni kipi kinachoachia kwanza. Chuo Kikuu Ardhi na wakala wa utafiti wa nyumba bora kule Mwenge hawahitaji mtambo wa mabilioni kwa hilo. Wanahitaji chuma, jeki na fundi wa kweli wa kukandika.

Matokeo yatoke kwa michoro ya Kiswahili yenye vipimo, kwa sababu asomaye ni fundi. Yapelekwe pia Lima na Kathmandu kule Nepali, pamoja na msonge wa Wahaya, duara lisilo na kona ya kuachana.

Bloku nazo? Bloku nzuri, zenye linta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inayozunguka nyumba nzima, nondo nne na ringi, zinashinda vyote nilivyotaja. Lakini mwenye fedha ya kuezeka tu ataruka linta, na mfuko mmoja wa saruji utatolewa tofali hamsini zinazomeguka kwa kidole. Huyo tumemtoa kwenye ukuta ulioshikwa na fito, tukamweka chini ya ukuta usioshikwa na chochote.