Godoro Halikunipiga, Lilinidondokea

Video najua mmeshaiona. Jamaa yangu ameitupa kwenye kila grupu analolijua, mpaka lile la ukoo wetu ambalo sijui nani alimuingiza. Chini yake kaandika "mwenzetu akipambana na jini hotelini". Sasa kwa kuwa shangazi ameshapiga simu kuuliza kama nimeanza kuombewa, nanyoosha maelezo leo hii, uvimbe ukiwa bado upo kwenye paji la uso. Hakukuwa na jini. Kulikuwa na godoro, neti, chaga na kipande cha mpira. Bukta nayo ilikuwepo, tutaifikia.

Mnaonifuatilia siku nyingi mnajua hoteli za bei nafuu ndio fani yangu. Sijisifu, ni ukata uliopata uzoefu. Watu hunipigia kabla ya safari kuniuliza wachague chumba gani, waangalie nini, wabebe nini. Jamaa yangu hajawahi kuuliza. Tulipofika alasiri ile, jua linachoma na mashati yamegandia mgongoni, alipokea ufunguo wa kwanza aliopewa, akapanda ngazi, akajitupa kitandani na begi lake juu ya shuka. Mimi nikabaki mapokezi, maana kuomba kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa ni bure, na cha bure mimi sikiachi.

Nilichoonyeshwa kwanza kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Nikamweleza dada wa mapokezi kwamba zege linakunywa jua mchana kutwa, halafu usiku, wewe ukitaka kulala, ndio linaanza kulitema. Akanipeleka kingine. Dirisha linatazama magharibi, jua la alasiri limeshafika mpaka kwenye mto. Nikakataa. Kingine kipo juu ya jenereta. Nikamuuliza, "Dada, umeme ukikatika?"

"Linawaka palepale kaka, huwezi hata kujua."

Nikamwambia nitajua.

Akashusha pumzi ndefu, akafungua droo ya chini kabisa, akatoa ufunguo ambao nadhani wamewawekea wateja wa aina yangu. Chumba chenyewe kipo mwisho wa korido, ghorofa za katikati, dirisha mashariki, mbali na jenereta na mbali na ngazi. Kwa vigezo vyangu kimefaulu vyote. Tatizo ni kwamba kitanda kilikuwa kimekula chumba kizima. Mlango unafunguka kwa ndani, na ukifunguka unakaribia kugusa kitanda upande wa miguuni. Pembeni kuna kiujia cha kwenda bafuni, unapita kiubavubavu umevuta tumbo.

Sasa twende taratibu, maana nataka mshuhudie kwamba kila nilichofanya kilikuwa sahihi.

Begi nikaliweka bafuni, juu ya vigae. Begi haliendi kitandani wala kwenye zulia mpaka chumba kikaguliwe, kwa sababu kunguni haruki wala hapai, anasafiri kwa kudandia mizigo ya watu. Dirisha nikalifunga, kiyoyozi nikakiweka 25. Nyie mnaoshusha mpaka 16 mkidhani chumba kitapoa haraka, hakipoi haraka. Mashine nyingi zinasukuma ubaridi uleule, isipokuwa hiyo ya kwako haijui iishie wapi, na usiku wa manane unajifunika taulo. Neti ilikuwa ile ya duara, imefungwa fundo juu ya kitanda. Nikaiacha kwanza, hiyo ni ya mwisho: unaikagua matundu, unaichomekea chini ya godoro pande zote. Na anayelala mchana asiseme haimhusu. Mbu wa malaria ndio wa usiku, wa dengi anauma mchana kweupe.

Halafu kabari. Hiki ni kipande cha mpira, kimechongoka upande mmoja, unakisukumia chini ya mlango kwa ndani. Natembea nacho popote, maana kitasa cha hoteli hujui ufunguo wake wa akiba uko kwa nani. Uzuri wa kabari ni kwamba mtu akisukuma mlango kutoka nje, ndio inazidi kukaza. Sentensi hiyo ishikeni.

Jua lilikuwa limeshazama, na huku kwenye ukanda wa joto usiku hauchelewi, ukigeuka tu ni giza. Nikavua shati. Nikabaki na bukta. Nikawasha tochi ya simu, japo taa ilikuwepo, kwa sababu taa ya chumbani haioni ndani ya mishono.

Ukaguzi wa kunguni hauna mbwembwe. Unavuta shuka kwenye kona, unafuata mshono wa godoro kidole kwa kidole, unaangalia nyuma ya ubao wa kichwani. Unatafuta vidoadoa vyeusi mithili ya wino uliomwagika kwenye kitambaa, maganda aliyojivua, au mwenyewe: bapa, kahawia, mkubwa wake milimita 5 hivi. Na usiniambie "mbona mimi sijaumwa". Alama zinaweza kuchelewa hata siku 14, ushasahau hoteli unamlaumu mbu wa nyumbani kwako. Hawajulikani kueneza ugonjwa, ila usingizi wanaumaliza.

Upande wa juu ulikuwa safi. Ubao safi. Kikabaki upande wa chini, pale godoro linapokutana na chaga, ndipo wanapopenda. Mtu mwingine angeinua kona akachungulia akalala zake. Mimi nikainua lote.

Lilikuwa zito, na kava lake la nailoni linateleza kwa unyevu. Nililikumbatia, nikalivuta mpaka miguuni, nikalisimamisha kwa ubavu kwenye ule upenyo kati ya kitanda na mlango. Likakaa vizuri kabisa, utadhani upenyo ulipimwa kwa ajili yake. Nikapanda kwenye kitanda kitupu, mguu mmoja chaga hii, mwingine chaga ile, nikainama na tochi nikaanza kuusoma mshono. Karibu na katikati nikaona kidoa. Cheusi. Nawaambia ukweli, moyo uliruka kwa furaha. Nilishaanza kupanga nitakavyoshuka nalo lile jibu mapokezi, kwa upole, bila kupandisha sauti.

Nikasogeza uso. Umeme ukakatika.

Kiyoyozi kikatoa pumzi yake ya mwisho kikanyamaza. Nikahamisha mguu wa kulia, nusu hatua tu, kutafuta mahali pa kusimama vizuri. Chaga ikasema *ka*. Haikuvunjika. Ilihama. Chaga za pale hazikupigiliwa, zimelazwa tu. Mguu ukazama katikati mpaka kwenye paja, halafu ile chaga ikarudi mahali pake. Nikiwa katikati yake.

Simu ikanitoka mkononi ikaingia uvunguni, ikatua chali, tochi inatazama juu. Nikarusha mikono kushika chochote kilichopo hewani, na kilichokuwepo hewani ni fundo la neti. Fundo likafunguka kwa utii ambao sikuuomba. Neti yote ikanishukia, kichwani, mabegani, mikononi. Nikajaribu kuivua kwa kuivuta, ikanibana shingoni, nikayumba, kiwiko kikaligusa godoro. Kuligusa tu.

Lilisimama kidogo. Lilikuwa kama linafikiria. Kisha likaanza kuinama kuja upande wangu, na kwa ule mwanga wa uvunguni nililiona safari yake yote, kuanzia lilipoondoka mpaka lilipofika. Lilikuja polepole kiasi kwamba nilipata muda wa kuliambia "hapana". Nililiambia tena. Likanilalia kifuani, makalio yake yamekita mlangoni, nami nimekaa nusu kwenye kitanda na nusu chini ya kitanda, nimefunikwa neti, nanusa nailoni.

Nikapiga kelele. Dirisha nimefunga mwenyewe. Jenereta likawaka huko mbali, kweli kabisa sikulisikia sana, hongera kwangu, likawasha taa za korido peke yake. Wa kwanza kunisikia alikuwa mama wa chumba cha jirani. Aligonga ukuta akaniambia nipunguze TV. TV! Na umeme hakuna!

Baada ya muda nikasikia kandambili za jamaa yangu.

"Vipi humo?"

"Nimebanwa!"

"Umebanwa na nini?"

"Na godoro!"

Kimya. Halafu kwa sauti ya chini, ya mtu anayetunza siri, "Uko na nani?"

Akaenda kumwita dada wa mapokezi, aliyekuja na mlinzi na ufunguo wa akiba. Ufunguo ukazunguka vizuri, mlango haukwenda popote.

"Kaka, kuna kitu umeweka mlangoni?"

"Kabari."

"Ya nini?"

"Ya usalama."

Nilimsikia mlinzi akikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Wakaanza kusukuma. Mnaikumbuka ile sentensi? Kila walivyosukuma, kabari ikafanya kazi niliyoinunulia. Nikawapigia kelele, "Msisukume!" Kupitia neti na godoro, huko nje ilifika "sukume". Wakaongeza nguvu. "MSISUKUME!" Mlinzi akajibu, "Sawa bosi, tunasukuma!"

Hapo ndipo jamaa yangu alipopanda kwenye kiti cha plastiki na kuchungulia kwenye kile kioo kidogo kilicho juu ya mlango. Alichokiona ndicho mlichokiona nyie: kitu cheupe, hakina uso, kimemulikwa kutoka chini, kinatikisika. Hakuniuliza hali. Alitoa simu. Na kuhusu bukta, wote mnaoandika kwamba nilikuwa mtupu, bukta ile ni ya kahawia. Mwili wangu nao ni wa kahawia. Mwanga ulikuwa hafifu. Mengine malizieni wenyewe.

"Kaka, ulikuwa unafanya nini lakini?" dada akauliza.

Swali la haki. Nikajibu kwa neno moja, kwa nguvu zote zilizobaki: "KUNGUNI!"

Korido nzima ikasikia. Milango ikafunguka. Yule mama wa TV akatoka na begi lake, nikasikia magurudumu yakikwaruza sakafu. Dada akapandisha sauti, "Hapa hatuna kunguni! Wageni, hatuna kunguni!" na kadiri alivyolitaja ndivyo magurudumu yalivyoongezeka. Mtoto mmoja akauliza kunguni ni mkubwa kiasi gani mpaka amembana mtu. Hakujibiwa.

Nikaona hakuna msaada utakaotoka nje, na juu hakupitiki. Imebaki chini. Nikaikandamiza chaga ya jirani kwa uzito wangu wote, hiyo ikavunjika kweli, nikaporomoka uvunguni na neti yangu. Nikajiburuza kwa tumbo, nikapita soksi moja ya mgeni aliyetangulia, nikaichukua simu, nikafika mlangoni, nikapenyeza mkono chini ya godoro, nikaishika kabari. Nikaivuta.

Nilisahau kuwaambia waache kusukuma.

Mlango ulinipiga hapa, ndio huu uvimbe. Mlinzi akapitiliza mlangoni, juu ya godoro na juu yangu, akatua kwenye kitanda, akazama kwenye tundu lilelile. Hiyo sehemu jamaa yangu ameikata, muulizeni kwa nini.

Basi. Mlinzi tulimtoa, hajaumia, anacheka mpaka leo. Umeme ukarudi, nikamulika kile kidoa: uzi wa mshono uliochomoka. Wageni wakarudi vyumbani. Chaga nimeilipa, neti nimeisamehewa. Nikalala hapohapo kwa upande mmoja wa kitanda, 25 yangu ikanitunza vizuri.

Asubuhi nimeshuka na begi, kichwa chini, nataka nirudishe ufunguo nipotee kabla watu hawajaamka. Dada akaupokea, akaangalia huku na huku, akainama juu ya meza.

"Kaka, samahani. Kuna mgeni huko juu anasema anawashwa. Unaweza kwenda kutuangalizia na hiyo tochi yako?"

Nikaenda. Mlango niliomba ubaki wazi.