NFL ifute drafti, ibakize kikomo cha mishahara

Februari 2024, mjini Las Vegas, Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilikwenda hadi muda wa nyongeza. Upande mmoja alikuwepo Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, mwenye mkataba wa miaka kumi wa takribani dola milioni 450. Upande wa pili Brock Purdy wa San Francisco 49ers, ambaye mshahara wake wa msimu ule ulikuwa dola 870,000. Wote wawili ni makwotabeki, yaani wale wanaopokea mpira na kuamua shambulizi lipite wapi, na hakuna nafasi inayolipwa zaidi ya hiyo katika futiboli ya Kimarekani. Chiefs walishinda 25-22.

Shabiki wa soka lazima ashangae. Mchezaji amefikisha timu fainali, halafu hakuna klabu hata moja iliyokuja na dau? Hata klabu yake haikumwongeza mshahara? Hawakumwongeza kwa sababu kanuni zinakataza. Mchezaji aliyeingia ligi kwa drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, haruhusiwi kujadili upya mkataba wake wa kwanza mpaka amalize misimu mitatu. Purdy alichaguliwa mwaka 2022, namba 262, wa mwisho kabisa katika orodha nzima. Basi akacheza fainali kwa mshahara wa mtu wa mwisho.

Mimi nashikilia kwamba drafti imepitwa na wakati na inafaa kufutwa. Kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu inaweza kutumia kwa mishahara ya wachezaji wake wote, kibaki, mgawo sawa wa fedha za televisheni ubaki, ila kijana anayetoka chuo kikuu aruhusiwe kusaini na klabu anayoitaka kati ya 32 zilizopo, kama mhitimu mwingine yeyote anavyotafuta kazi.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, ada ya uhamisho kama tunavyoijua kwenye soka haipo kule. Klabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua katika drafti zijazo. Kila Aprili klabu hupanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi ikiwa mbele na bingwa nyuma, na kwa raundi saba zinachagua vijana mmoja baada ya mwingine. Ukishatajwa, umekwisha: ni klabu hiyo tu unayoweza kujadiliana nayo, na hata majadiliano yenyewe ni ya jina, kwa kuwa mshahara wako umekwishapangwa kwa kufuata namba uliyochaguliwa.

Utaratibu huu ulibuniwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa ikifungwa kila mara na hakuwa na fedha za kushindana na wakubwa. Aliwashawishi wenzake mwaka 1935, na drafti ya kwanza ikafanyika Februari 1936. Aliyechaguliwa namba moja siku hiyo, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Aliona bora atafute kazi nyingine. Hata hivyo simlaumu Bell. Wakati ule hapakuwa na kitu kingine cha kumzuia tajiri asikusanye wachezaji wote.

Leo kipo. Kikomo cha mishahara kilianza 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu, na msimu wa 2024 kilifika milioni 255.4. Dallas Cowboys wawe na utajiri wa kiasi gani, kwenye mishahara wanabanwa na namba ileile inayowabana Jacksonville. Fedha nazo zinagawanywa. Green Bay ni mji wa watu laki moja na ushei, lakini una timu yake, Packers, na kwa kuwa timu hiyo inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, hesabu zake hutangazwa kila mwaka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 walipokea zaidi ya dola milioni 400 kutoka mfuko wa pamoja wa ligi, wakati kikomo cha mishahara cha msimu huo kilikuwa milioni 224.8. Kabla hawajauza tiketi wala jezi moja, mishahara yote imeshalipika. Huyo mnyonge anayelindwa na drafti ni nani?

Anayefaidika ni mwajiri, tena hata mahakama ziliwahi kuliona hilo. Mwaka 1978 mahakama ya rufaa mjini Washington, katika kesi ya mchezaji James Smith aliyeitwa Yazoo, iliamua kwamba drafti kama ilivyokuwa ikiendeshwa ilivunja sheria za ushindani wa kibiashara. Kilichoiokoa ni chama cha wachezaji chenyewe. Kikikubali jambo katika makubaliano ya pamoja ya kazi, sheria hizo haziligusi tena. Maurice Clarett, mchezaji wa chuo kikuu, aliujua ukuta huo mwaka 2004 alipotaka kuingia ligi kabla ya kutimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari, kama kanuni zinavyotaka. Alishinda mahakama ya kwanza, akashindwa kwenye rufaa, na hukumu iliandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Hapo ndipo linaponikera zaidi. Chama kinachokubali kwa niaba ya vijana hakina kijana hata mmoja ndani yake. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa na uhakika. Wachezaji wakongwe wakanuna: mtoto hajarusha hata mpira mmoja, anawapita watu waliovunjika mbavu miaka kumi. Mwaka uliofuata, mgogoro wa kazi ulipomalizika, wakongwe na wamiliki walikubaliana kushusha mishahara ya wanaoingia. Cam Newton, chaguo la kwanza la 2011, akapata takribani milioni 22 kwa miaka minne. Nani alimuuliza Newton? Alichaguliwa Aprili, kanuni ya mshahara wake ikapitishwa Julai.

Utasema atavumilia miaka minne kisha atakula vizuri. Chama cha wachezaji kimekuwa kikisema maisha ya mchezaji katika ligi hii ni wastani wa miaka 3.3. Ligi hupinga, ikisema ukiwahesabu wale tu wanaofanikiwa kuingia kikosini mwanzoni mwa msimu, wastani unafika sita. Chukua hesabu unayoitaka. Kwa hesabu ya chama, wengi hutemwa kabla hawajawahi kuwa huru hata siku moja, na mikataba mingi ya mchezo huu haina uhakika wa malipo yote. Klabu ikikuchoka leo, fedha za mwaka kesho zinafutika.

Anayeumia kuliko wote ni mkimbiaji, yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kutumwa kupenya katikati ya majitu ya kilo 140. Mwili wake unachakaa mapema, miaka yake mizuri ni ile ya mwanzo, na ndiyo hiyohiyo ambayo kanuni zimeifanya iwe ya bei rahisi. Saquon Barkley alichaguliwa namba mbili na New York Giants mwaka 2018. Mkataba wa miaka minne, ukaongezwa wa tano kwa hiari ya klabu, si yake. Mwaka 2023 alipotarajia kuwa huru, Giants walimwekea zuio, kanuni inayoiruhusu klabu kumshikilia mchezaji mmoja kwa mwaka mwingine kwa malipo maalumu. Kwake yalikuwa kama dola milioni 10.1. Aliona soko kwa mara ya kwanza Machi 2024, akiwa na miaka 27. Akaenda Philadelphia Eagles, akakimbia yadi 2,005 msimu huo, na siku aliyotimiza miaka 28 akatwaa Super Bowl kwa kuwafunga Chiefs 40-22. Giants walimaliza na ushindi mara tatu na vipigo 14.

Sasa angalia Giants walifaidi nini kwa kupewa nafasi ya pili mwaka 2018, zawadi ya kufungwa. Walipata mtu mwenye kipaji kikubwa, wakamweka mahali asipoweza kuwasaidia, naye hakuweza kuondoka. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, ambaye baadaye alipata Nobel ya uchumi, walizipitia drafti za miaka mingi wakaona klabu huthamini mno nafasi za mbele. Ukilinganisha mchezaji na anayefuata kuchaguliwa baada yake kati ya wanaocheza namba ileile uwanjani, uwezekano wa wa kwanza kuwa bora unazidi nusu kwa chembe tu. Ni karibu sawa na kurusha shilingi.

Na si kwamba hawapimi. Kila mwaka kabla ya drafti vijana zaidi ya mia tatu hukusanywa Indianapolis. Wanakimbizwa yadi 40, wananyanyua chuma cha kilo 102, wanasimama vifua wazi wakipimwa urefu wa mikono na upana wa viganja. Wapo Wamarekani wanaolifananisha zoezi hilo na mnada wa watumwa. Mimi, mtu wa pwani, siutumii mfano huo kwa watu wanaokwenda kulipwa mamilioni, ila naelewa kwa nini unawajia. Tom Brady alikimbia hizo yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mzee anayewahi daladala, akachaguliwa namba 199 mwaka 2000. Alistaafu na vikombe saba.

Kinachozitofautisha klabu, kwa maoni yangu, ni ufundishaji. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu. Mwili ulikuwepo, kasi ilikuwepo. Akacheza mechi chache, akatemwa 2015. Miaka mitano baada ya kusajiliwa kwake, Eagles walimchagua namba 233 Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga ambaye naye hakuwahi kucheza mechi hata moja. Kocha Jeff Stoutland alikaa naye chini, akamfundisha hatua kwa hatua, na mwaka 2024 Mailata alisaini mkataba mpya wa dola milioni 66 kwa miaka mitatu. Foleni ya drafti haiwezi kuigawia klabu mbovu kocha kama huyo.

Najua pingamizi: drafti ikifutwa, vijana wote watakimbilia Los Angeles na Dallas. Watalipwa na nini, wakati kikomo kipo? Isitoshe, kwotabeki kijana hatafuti fukwe, anatafuta timu isiyo na kwotabeki, na hizo huwa ni zilezile zinazofungwa. Soko la namna hii tayari lipo, dogo. Raundi ya saba ikiisha, vijana ambao hawakuchaguliwa huanza kupigiwa simu usiku huohuo na klabu kadhaa, nao wanachagua pa kwenda kwa kuangalia wapi kuna nafasi. Kurt Warner na Tony Romo waliingia ligi bila kuchaguliwa. Mawakala wengi husema heri ukose kuchaguliwa kabisa kuliko kuchaguliwa mwishoni mwa raundi ya saba.

Wenye nguvu za kukataa walikataa. John Elway aligoma kwenda Baltimore mwaka 1983, Eli Manning akagoma kwenda San Diego 2004. Wote walipelekwa kwingine, na kila mmoja akashinda Super Bowl mbili huko. Mtoto wa raundi ya nne hana jeuri hiyo.

Purdy, kwa upande wake, alilipwa. Mei 2025 alisaini miaka mitano kwa dola milioni 265. Miezi miwili kabla, huku klabu ikijua bili hiyo inakuja, wachezaji wenzake walianza kuondoka: Deebo Samuel alipelekwa Washington kwa chaguo la raundi ya tano, Talanoa Hufanga na Dre Greenlaw wakahamia Denver. Mikataba minono ya nyota wengine wa 49ers, akina Nick Bosa na Trent Williams, ilikuwa imebebwa na kijana wa dola 870,000.

Sitarajii itafutwa karibuni. Drafti sasa ni tamasha. Mwaka 2024 Detroit ilipokea watu zaidi ya laki saba kwa siku tatu, na hapakuchezwa mpira wowote. Makubaliano ya sasa ya kazi yanakwisha baada ya msimu wa 2030, na mezani watakaa wamiliki pamoja na wachezaji ambao drafti yao imeshapita. Watakaolipwa kwa kanuni zitakazotoka hapo, wengi wao bado wako shule.