Kijiti cha pamba kifike na nyumbani

Huku Australia mwanamke akikaribia miaka 25, barua inamfuata kwa jina lake: njoo upime saratani ya mlango wa kizazi. Asipokwenda, anakumbushwa. Nyumbani Tanzania, ambako saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake, wengi tunaisikia kwenye gari la matangazo wiki ya kampeni, kisha kimya. Hapo wametuzidi.

Lakini hata huku barua haikutosha. Wahamiaji kama sisi, wenyeji wa asili wa nchi hii, na wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walibaki nyuma, na sababu si ujinga. Nani anafurahia kulala amepanua miguu, mtu asiyemjua anamwingiza chuma? Ndiyo maana tangu Julai 2022 kila anayestahili kupimwa anaruhusiwa kujichukulia sampuli mwenyewe. Mimi nilipewa kijiti chenye pamba, nikaingia chooni pale kliniki, nikakizungusha ukeni sekunde chache, nikakirudisha kwenye kichupa chake. Basi. Kinachotafutwa ni virusi vya HPV, ndivyo vinavyosababisha saratani hii, na maabara huvikamata karibu sawa na sampuli ya daktari. Usipokutwa navyo, unarudi baada ya miaka mitano.

Kipimo chetu cha siki sikidharau hata kidogo. Nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, palipo na mabadiliko panageuka peupe, majibu unayapata hapohapo, na mara nyingi unatibiwa siku ileile. Huku ungeandikiwa rufaa usubiri. Ila lazima uvue, ulale, ukaguliwe, na wifi yangu mpaka leo hajaenda kwa sababu nesi wa zahanati ni jirani yake.

Basi kijiti hicho kifike kliniki ya mama na mtoto. Mama keshapanga foleni ya chanjo ya mwanawe, apewe naye ajipime kabla hajaondoka. Majibu yaje kwenye simu yake, si ya mumewe. Atakayekutwa na virusi aelezwe taratibu kwamba hiyo bado si saratani, wala si ushahidi wa umalaya, maana virusi hivi huwapata watu wengi tu waliowahi kujamiiana. Kisha apangiwe siku ya kukaguliwa na kutibiwa karibu na anapoishi. Ukimwambia aende hospitali ya mkoa kwa nauli yake, atakaa na majibu yake ndani.