Wino wa kuyeyuka na picha nyeusi na nyeupe: tatizo ni kijivu

Kwa anayetaka kuchapa picha nyeusi na nyeupe ya kutundika ukutani, ushauri huwa uleule: tumia pigmenti, wino wenye chembe ndogo zinazoelea. Wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa waachie wachapaji wa picha za pasipoti, maana unachuja.

Unachuja kweli. Mwaka 2000 picha zilizotoka kwenye printa za wino huo, Epson Stylus Photo 870 na 1270, ziligeuka rangi ya chungwa, nyingine ndani ya wiki chache, kwa kuwa gesi ya ozoni ya hewani ilikuwa inakula sayani (wino wa bluu-kijani).

Lakini angalia kilichoharibika pale: rangi moja iliondoka, nyingine zikabaki. Picha nzima ikipauka kwa pamoja, jicho huzoea. Kijivu kikiingiwa na wekundu, hata mtoto anaona. Printa kama Epson L1800 ina wino sita na hakuna hata mmoja wa kijivu. Kijivu inakiunda kwa kuchanganya sayani, majenta (waridi iliyokolea) na njano pamoja na nyeusi, kwa hiyo mmoja akilegea, toni zote zinainama upande mmoja. Mchanganyiko huohuo ndio unaofanya picha ionekane ya kijani dirishani na ya zambarau chini ya taa. Epson L8180 ina wino wa kijivu. Canon PRO-200 ina kijivu na kijivu hafifu. Zote mbili hutumia wino wa kuyeyuka kwenye karatasi ya glosi, yaani inayong'aa, na rangi tatu hazibebi tena mzigo wote.

Na kwenye glosi, pigmenti ndiyo yenye maswali ya kujibu. Chembe zake hukaa juu ya karatasi: ipige mwanga wa pembeni uone weusi uking'aa kama shaba, na sehemu nyeupe zisizo na wino zikibaki na mng'ao wa kwao. Wino wa kuyeyuka huzama ndani, uso ukabaki mmoja, na weusi unakuwa mzito. Isitoshe, hauzibi kirahisi matundu ya hedi, kichwa cha printa kinachorusha wino.

Kwenye karatasi ya mati (isiyong'aa) au ya pamba hakuna ubishi: pigmenti ya kaboni inashinda, kwa weusi na kwa umri. Unyevu nao si wa kupuuza. Mombasa au Zanzibar, picha ya wino wa kuyeyuka iliyofungiwa kwenye plastiki inaweza kuvujisha rangi kingoni.

Baada ya kuchapa, iache wazi saa 24 kabla ya kuihukumu au kuiwekea kioo. Kwenye fremu weka paspatuu, yaani fremu ya kadi kati ya picha na kioo, ili isigusane na kioo. Kioo huikinga na hewa yenye ozoni. Wino wa bei poa wa kujazia ndio wa kutiliwa shaka kwanza. Kwenye L1800 unaweza kuchapa kwa nyeusi peke yake: mgeuko wa rangi unapungua sana, ila sehemu angavu zitaonyesha vidoti.

Kabla ya kuuza, chapa ukanda wa kijivu cha asilimia 50 na uukate mara mbili. Kipande kimoja kiweke kwenye bahasha gizani, kingine ukutani bila kioo. Vilinganishe baada ya miezi mitatu: wekundu maana yake sayani imekwenda, kijani ni majenta, bluu ni njano.