Meza ipo, kazi haipo: mama anaporudi kutoka likizo ya uzazi

Rafiki yangu ni muuzaji katika kampuni moja ya bidhaa za jumla kando ya Barabara ya Mombasa hapa Nairobi. Alipoenda kujifungua alikuwa anahudumia maduka 11, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake uliongezewa kamisheni ya mauzo. Aliporudi baada ya miezi 3 alikuta meza yake ilivyokuwa, hata kikombe chake cha chai hakijaguswa. Maduka ndiyo hayakuwepo. Yalikuwa ya kijana aliyemshikia nafasi, na yeye akaambiwa asaidie kupanga risiti ofisini "mpaka mtoto akue kidogo". Mshahara wa msingi haukupungua hata shilingi, ila kamisheni ilikauka. Na meneja, kwa jinsi alivyonisimulia, aliamini kabisa kwamba amemtendea wema.

Wengi waliosikia kisa hiki wamemwambia ashukuru kazi ipo. Mimi naona alinyang'anywa haki yake, ingawa upande wa mwajiri nao una hoja ambazo hatuwezi kuzipuuza.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Ikiisha, ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au kupewa kazi nyingine inayomfaa kwa kiasi cha haki, kwa masharti yasiyo duni kuliko ambayo angekuwa nayo kama hangeenda likizo. Yeye anatakiwa kutoa notisi ya maandishi angalau siku 7 kabla ya kuondoka, na kuleta cheti cha daktari au mkunga kama mwajiri atakitaka. Likizo yake ya mwaka haiguswi. Hilo la mwisho si dogo: sheria iliyotangulia ilitoa miezi 2 tu, na aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Mama zetu walituzaa chini ya sheria hiyo.

Ugomvi wote uko kwenye maneno "kazi nyingine inayomfaa". Yana sababu yake. Katika miezi 3 idara inaweza kuunganishwa na nyingine, tawi likafungwa, mteja mkubwa akahama. Lakini waajiri wengi huyasoma hivi: mradi mshahara wa msingi ni ule ule, tumetii sheria. Sikubaliani. Masharti ya kazi ni pamoja na kamisheni uliyokuwa ukiipata kila mwezi, cheo, watu uliokuwa ukiwasimamia, na hata zamu. Sheria imeweka kipimo: kama hangeenda likizo. Basi tuulize, rafiki yangu asingezaa, leo angekuwa wapi? Angekuwa Eastleigh na Gikomba akichukua oda. Yale maduka 11 bado yapo na bado yananunua.

Sasa upande wa pili. Dadangu ana karakana ya kushona sare za shule Kariobangi, wafanyakazi 6. Fundi wake wa kukata vitambaa alijifungua mwishoni mwa Novemba. Kwa mshona sare, Desemba na Januari ndiyo mwaka mzima. Akikosa pesa hapo, kodi ya Agosti anaikopa. Alimlipa fundi wake miezi yote 3 bila kupunguza kitu, na akamlipa mkataji wa muda aliyeshika makasi. Aliniambia, "Sina kinyongo naye hata kidogo, lakini mishahara miwili kwa meza moja naitoa wapi?" Fundi alirudi Februari na kupokea makasi yake. Tangu hapo, kila nafasi ikitokea, dadangu anaajiri mwanamume au mama ambaye watoto wake wameshakua.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito, hata wakati wa kuajiri. Lakini msichana aliyenyimwa kazi ya makasi Kariobangi hatajua kamwe kwa nini hakupigiwa simu, na mtu hawezi kushtaki simu ambayo haikulia. Kwa hiyo wanaosema kwamba haki hii, mwajiri anapoachiwa gharama peke yake, inageuka ukuta mbele ya wanawake wengine, wanasema kweli. Wanakosea tu wanapotaka haki yenyewe ipunguzwe.

Rwanda walilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Tangu sheria yao ya 2016 wana bima ya likizo ya uzazi: mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri naye vivyo hivyo, wanaume kwa wanawake. Mfuko unabeba sehemu ya gharama ya likizo, na kuajiri mwanamke hakumtishi mwenye biashara ndogo kama kunavyomtisha dadangu. Mkataba wa 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, nao unasema mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe malipo haya peke yake. Najua Mkenya akisikia makato mapya atauliza kama tumepungukiwa na makato: ada ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, na mchango wa uzeeni wa NSSF uliopanda. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo ningekatwa hili bila kunung'unika, maana najua linakokwenda.

Kuna mambo mengine ambayo mama anayerudi hukutana nayo, na sheria inayajua nusu nusu. Kuachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, au sababu yoyote inayohusiana nao, si halali, na mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kupunguza wafanyakazi kunaruhusiwa hata mama akiwa likizoni, mradi sababu ni ya kweli, notisi ya mwezi mmoja imetolewa na afisa wa leba ameelezwa. Kandarasi ikiisha akiwa bado nyumbani, mara nyingi hana la kudai, na waajiri wajanja wanaijua tarehe hiyo kuliko yeye.

Halafu maziwa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha au kukamua maziwa, na kumpa mama mapumziko yasiyozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Rafiki yangu hukamulia stoo, amekaa juu ya katoni ya karatasi, mguu mmoja umeuzuia mlango kwa sababu hauna komeo. Chupa anaifunga kwa taulo na barafu ndani ya mkoba, kisha saa 11 jioni anapanda matatu kwenda Embakasi akiomba foleni isiwe ndefu. Komeo ni bei gani kwenye duka la vifaa? Gharama ya likizo naielewa. Hii siielewi.

Na huko Embakasi mtoto anamngoja mikononi mwa msichana wa kazi. Huyo naye ni mfanyakazi chini ya sheria hiyo hiyo, mwenye haki ya miezi 3 na ya kurudi. Nyumba ngapi za Nairobi zinampa? Akishika mimba, nauli ya kwenda kwao ndiyo kwaheri yake, na anayemkabidhi nauli hiyo mara nyingi ni mama ambaye mwaka uliopita alidai haki yake ofisini. Nilimuuliza rafiki yangu atafanya nini ikifika zamu ya msichana wake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hajawahi kulifikiria.

Yeye mwenyewe ameandika barua akitaka maduka yake, akinukuu kifungu cha 29 neno kwa neno. Wiki iliyopita wamemrudishia maduka 4. Anayo nakala ya barua, na hati za mshahara za mwaka mzima kabla ya kujifungua zikionyesha kamisheni. Sheria inampa miaka 3 ya kufikisha dai mahakamani.