Wahafidhina na wahamiaji: nani amehamia kushoto?

Wapiga kura wa mrengo wa kulia Ulaya wana lalamiko moja kubwa: vyama vyao vya kihafidhina vimewasaliti. Majukwaani vinahubiri mipaka imara, vikishashika dola vinafungua milango kama vile ni vyama vya kushoto, vile vya wajamaa na wafanyakazi. Wapinzani wao wanashangaa. Kushoto gani, wakati siku hizi hata vyama vya wafanyakazi vinashindana kuahidi kubana wageni? Kwa sisi tulio Mbeya, tuliozoea kusikia habari za wahamiaji wanaokamatwa wakielekea mipaka ya Tunduma na Kasumulu, mjadala huu si wa Wazungu peke yao.

Wanaolalamika wana takwimu. Mwaka 2010 David Cameron aliahidi kwamba wanaoingia Uingereza, ukitoa wanaoondoka, watashuka hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Chama chake cha Conservative kikatawala miaka 14. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 idadi hiyo ilivuka 900,000, tena baada ya Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya, ambayo wananchi waliipigia kura 2016 wakiambiwa watarudishiwa mamlaka juu ya mipaka yao. Februari 2022 serikali ya Boris Johnson ilifungua viza kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa, na Wahindi, Wanigeria na Wazimbabwe wakajaza kazi ambazo Waingereza hawakuzitaka kwa mshahara ule. Miezi miwili baadaye serikali ileile ikasaini na Kigali mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi wanaovuka bahari kwa boti. Kuuma na kupuliza. Italia nako, waziri mkuu wa mrengo wa kulia Giorgia Meloni alitenga vibali vya kazi 452,000 kwa miaka ya 2023 hadi 2025, huku akiandaa vituo Albania vya kuwaweka wanaookolewa baharini.

Je, huko ni kuhamia kushoto? Mimi naona hapana. Johnson hakulala mhafidhina akaamka mjamaa. Waliombana ni wenye nyumba za kulea wazee, hospitali zenye upungufu wa wauguzi, na vyuo vinavyoishi kwa ada za wanafunzi wa kigeni. Chama cha kihafidhina kina kambi mbili tangu zamani: waajiri wanaotaka watu wa kufanya kazi, na wananchi wanaotaka nchi ibaki walivyoikuta. Mwaka 1986 Ronald Reagan, rais wa chama cha kihafidhina cha Republican, alisaini sheria iliyohalalisha ukaazi wa watu wapatao milioni 2.7 Marekani, na hakuna aliyemwita mtu wa kushoto.

Kushoto nako hakujatulia. Mette Frederiksen wa Denmark aliingia madarakani 2019 na chama cha wafanyakazi chenye sera kali za uhamiaji. Mwaka 2025 Labour ya Keir Starmer, chama cha wafanyakazi cha Uingereza, ndiyo iliyofunga ile viza ya wahudumu iliyofunguliwa na wahafidhina!

Walalamikaji wana hoja nzito zaidi Ujerumani. Kansela Angela Merkel wa chama cha kihafidhina cha CDU alipowapokea wakimbizi 2015, na wapatao 890,000 wakaingia mwaka ule, hakuwa anasukumwa na waajiri tu. Kulikuwa na imani ndani yake, na wengi chamani mwake hawakuwa nayo. Lakini tazama kilichofuata: Januari 2025 Friedrich Merz, aliyekuja kuongoza chama hicho, alipitisha bungeni azimio la kubana uhamiaji kwa msaada wa kura za AfD, chama cha kulia kabisa. Kama chama kiliteleza kushoto, basi kimesharudi.

Na kwetu? Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo saluni, ufundi wa simu, uwakala wa kutuma pesa na ununuzi wa mazao shambani. Atakayekiuka ana faini isiyopungua shilingi milioni 10. Serikali hiyo ni ya CCM, chama ambacho hadi leo kinataja Ujamaa na Kujitegemea. Ulaya, amri kama hiyo wangeiweka kulia kabisa. Mimi nasema inafuata kilio cha wafanyabiashara wadogo, hasa wa Kariakoo, dhidi ya wageni, na kilio chao hakikuwa cha uongo.

Ila twende Rungwe au Njombe kwenye parachichi. Mnunuzi kutoka nje anakuja na kreti zake na vijana wa kuchuma, anachagua parachichi za aina ya Hass za ukubwa anaoutaka, anapima, analipa. Dalali mwenyeji analalamika kwamba mgeni amemruka. Mwenye shamba anaona tofauti: wakiwepo wanunuzi wawili ana nafasi ya kukataa bei, akibaki dalali peke yake, bei anaipanga dalali. Wote wawili ni wenyeji, na pengine kadi zao ni za chama kimoja. Ukimwuliza mwenye shamba kama yeye ni wa kushoto au wa kulia atakutazama tu, maana anachojali ni shilingi ngapi kwa kilo.

Kwa hiyo amri hii siipimi kwa mrengo. Msimu ujao nitaangalia kama wanunuzi wazawa wenye mtaji, vituo vya kukusanyia na vyumba vya baridi watafika huko vijijini, au mgeni ataendelea kununua kama kawaida kwa mgongo wa dalali yuleyule, safari hii mkulima akikatwa na asilimia ya kumficha mgeni huyo.