Kimya Kimya Hadi Kintinku

Kundi letu la WhatsApp lilianzishwa na upweke, ingawa kwenye maelezo yake tuliandika "safari ya ndani". Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, watumishi wengi tulikuja na begi moja, familia zikabaki Dar. Jioni uko Ilazo, upepo unavuma, vumbi linaingia hadi kwenye kopo la sukari, na hakuna wa kukwambia pole na kazi. Mtu wa namna hiyo ukimwingiza kwenye kundi la maua ya asubuhi na maneno ya faraja, hatoki hata kwa winchi.

Tulikuwa mchanganyiko. Wakristo, Waislamu, na jamaa mmoja wa idara ya ardhi aliyesema yeye anaamini "nishati". Amina ilitutosha wote. Kiongozi wetu tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa na sauti nzito na alijua kunyamaza katikati ya sentensi. Akituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, Amina zinaanza kumiminika baada ya sekunde ishirini. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: hakuna aliyesikiliza. Lakini wenzako wote wakishaandika na wewe bado, kidole kinawasha chenyewe. Kuna siku mtu alikosea akatuma tangazo la friji ya mtumba. Lilipata Amina zake kama kawaida.

Basi Mwalimu akaja na mfungo wa kimya. Siyo wa chakula, wa mdomo. Twende Kolo, kule juu ya Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wenyeji bado hufanya matambiko yao huko, kwa hiyo, alisema Mwalimu, ardhi yenyewe imezoea kusikilizwa. Masharti: simu zizimwe na ziwekwe kwenye kapu, na tangu gari linapoondoka asiwepo wa kufungua kinywa mpaka tufike Kolo. Mwenye haja anyooshe mkono. Hakusema tumnyooshee nani, maana yeye angekaa kiti cha mbele, macho amefumba.

Mwenye Hiace tuliyokodi alipata msiba usiku wa kuamkia safari, akatuma deiwaka, dereva wa kushikia. Kijana mpole, kofia ya Yanga, ameambiwa na bosi wake hao ni watu wa maombi, usiwasemeshe. Saa kumi na moja alfajiri Mwalimu akampa maelekezo ya mwisho kabla ya kufunga mdomo: "Shika barabara ya Makutupora, halafu nyoosha tu."

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote. Makutupora ziko mbili. Ya kwanza iko kaskazini ya mji, njia ya Kondoa, kwenye visima vinavyotunywesha mjini na kambi ya JKT. Ya pili iko wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, kule ambako kipande cha reli ya kisasa, SGR, kutoka Morogoro kiliishia. Mwalimu alikusudia ya visima. Deiwaka, kwao Manyoni.

Mimi nilishtuka mapema. Njia ya Kondoa unapita Miyuji, unapita Msalato. Sisi tukapita Kizota. Nikawatazama wenzangu. Mama mmoja wa masjala amefumba macho, uso umetulia kama maji ya mtungini. Jamaa wa nishati anapumua kwa mpango. Nikajisemea, hawa wote wazima, bila shaka kuna mchepuko. Jua likachomoza. Ukielekea kaskazini jua la asubuhi linakupiga ubavu wa kulia. Hili lilituchomozea kioo cha nyuma, likanichoma kisogo. Nikatazama tena nyuso. Shwari. Nikafumba macho na mimi.

Tukafika Bahi. Mpunga huku, reli kule. Njia ya Kondoa haina reli! Nikanyoosha mkono. Aliyeuona ni dada mtunza hazina peke yake, akanitabasamia kwa upole kama anayesema vumilia kaka, majaribu hayo.

Deiwaka naye ni deiwaka. Aliona kiti kimoja kitupu na mama amesimama pembeni ya barabara, akasimamisha. Mama wa Kigogo, kanga mbili, kapu, na jogoo mwekundu kamkwapia. Akapanda, akatuangalia, akaamkia kwa sauti ya mtu mwenye amani na dunia: "Mbukwenyi!"

Kimya.

Akadhani labda sisi ni wa kuja. "Habari za asubuhi, wanangu?"

Kimya. Jamani, kutomwitikia mama mtu mzima, asubuhi, ndani ya gari, kwenye nchi yake! Mama wa masjala machozi yalimlengalenga. Mwalimu aliinua kidole kimoja bila kugeuka. Mama akakaa taratibu, akamkumbatia jogoo wake vizuri, akaanza kutuchunguza mmoja mmoja.

Tulipoiacha Bahi nyuma, moshi ukaanza. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na moshi ulitokea hapohapo, mwembamba, wa kijivu, ukapanda polepole hadi darini na kuanza kurudi nyuma. Nilijua la kufikiri: dada mtunza hazina alibeba ubani, nilimwona akiutia kwenye mkoba. Nikamtazama. Naye ananitazama mimi, ametulia. Basi nikavuta pumzi ndefu, ya kiibada, nikakohoa. Wakakohoa na wengine, kwa adabu, viganja mdomoni. Deiwaka alikuwa akitutazama kwenye kioo, na baadaye alituambia alidhani tumewasha kitu chetu cha maombi.

Aliyevunja shughuli ni mama wa jogoo. Aliona watu wazima wamejaa gari, macho yamefumbwa, hawaitikii salamu, moshi umewafunika mpaka mabegani na hakuna anayejigusa. "Misukule!" akapiga ukunga. "Dereva, simamisha! Umebeba misukule!"

Jogoo akaruka, akatua kichwani kwa Mwalimu. Neno la kwanza la Mwalimu tangu alfajiri likawa, "Mama nakufa!"

Tulishuka kwa mlango, kwa dirisha, kila mtu na njia yake. Oili ilikuwa ikivuja juu ya ekzosti, na sponji ya kiti cha Mwalimu ilikwisha kuanza kuungua. Tukazima kwa mchanga. Deiwaka akawa anashangaa tunavyolalamika. "Kondoa? Mzee si ulisema Makutupora? Hapa Kintinku, Makutupora hiyo hapo mbele."

Ndipo midomo ikafunguka. Mama wa masjala: yeye aliiona Kizota. Jamaa wa nishati aliiona reli. Dada mtunza hazina aliona mkono wangu na akajua kabisa ninachotaka kusema, ila mimi nilionekana nimetulia. Ubani? Ulikuwa mkobani, haujafunguliwa.

Kijana wetu mmoja anasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Mikono imejaa mchanga, akaanza kutufundisha palepale pembeni ya barabara. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Bibb Latané na John Darley, waliwaketisha watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi ukutani. Waliokuwa peke yao chumbani, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa kutojali, alitoka mmoja kati ya kumi. Waliobaki walifikicha macho, wakapepea karatasi, wakaendelea kujaza fomu. Walipoulizwa baadaye, walisema ni mvuke, ni kiyoyozi, na wawili wakasema ni gesi ya kuwafanya watu waseme ukweli.

"Hao angalau walikuwa na fomu," alisema mama wa masjala.

Mama wa jogoo alisikiliza yote hayo ameketi kwenye jiwe. Akauliza, "Kwa hiyo mko wazima?" Tukamhakikishia. Tukamwitikia salamu zake zote mbili kwa pamoja, tukamrudishia nauli yake, na Mwalimu akamlipia lori lililompeleka Manyoni. Kwa aibu tuliyokuwa nayo, alipoomba kuingizwa kwenye kundi nani angekataa?

Sasa yumo. Ujumbe wa sauti anausikiliza hadi mwisho, kisha anauliza maswali, jambo ambalo limemfanya Mwalimu apunguze dakika. Mtu akituma tangazo la friji, anauliza bei.

Juzi Mwalimu ametangaza safari nyingine ya Kolo, mfungo uleule, gari jingine. Kabla Amina hazijaanza, ujumbe wa mama ukaingia: "Mimi nitakaa mbele na dereva. Na jogoo anakuja."